Mchumba wa Shangazi Katika Mji wa Pamba

Nyinyi jamaa wa barza ya Al Khoudh mmenichosha. Kila nikiingia, kabla hata kahawa haijamiminwa, mtu anauliza, "Eh, Said, ilikuwaje kule Uingereza?" na wengine wanacheka kabla sijajibu. Basi nakuandikieni yote mara moja, ili Alhamisi nije ninywe kahawa yangu kwa amani. Habari za viza na tiketi nimeziruka. Sijapata kumwona mtu aliyefurahishwa na habari za viza.

Ghubra

Kwa asiyemjua, Bi Zuwena ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Kazaliwa Unguja, kaja Maskati msichana, kaolewa hapa, kafiwa na mume, hakujaaliwa mtoto. Tangu hapo anaishi nasi Ghubra na jiko ni dola yake. Mke wangu Thuraya ni mkuu wa idara nzima wizarani, lakini nyumbani kwake hajawahi kuruhusiwa kukoroga chungu.

Mwaka huu ikaja posa. Mposaji alikuwa Mzee Nassor, mgane, mtu wa Unguja vilevile, aliyekwenda Manchester ujanani kufanya kazi katika viwanda vya nguo na hakurudi tena. Binamu mmoja alimpa namba ya simu, wakaanza kuzungumza. Simu ilikuwa ya sauti tu. Shangazi aliikataa katakata ile ya picha.

"Mwanamke hajianiki kwenye kioo kabla ya nikaha," alisema.

Sasa sikilizeni. Baba yake hayupo, kaka zake wote wametangulia, kwa hiyo walii wake ni mimi, mtoto wa kaka. Bila ya ulimi wangu hakuna ndoa. Katika utumishi wangu wote serikalini sikupata kushika madaraka makubwa kama hayo.

Tukawaambia watu tunakwenda kutalii, kuona historia ya mji wa pamba. Shangazi alikuwa na shauku ya kweli, maana utotoni mwake kila jora la nguo aliloliona dukani kwa babu lilitajwa kuwa la Manchester. Lakini mimi nilikuwa na kazi yangu ya chini kwa chini: kumtafutia bwana harusi kasoro. Nyumbani tulishakaa kikao bila ya shangazi na swali lilikuwa moja. Akienda huyu, Ijumaa tutakula nini?

"Msijitie wasiwasi," shangazi alituambia, akidhani tunamhurumia. "Yeye ndiye atakayehamia kwetu. Nilimuuliza kwa simu, 'Utahama uje Maskati?' Akasema inshallah, wala hakusita."

Uwanja wa ndege tulikwama kwa sababu ya halwa. Shangazi alikataa kuitia ndani ya sanduku, aliipakata kama mtoto mchanga. Mashine ikalia. Askari akafungua, akanusa, akamwita mwenzake, naye akanusa. Nikadhani tumekwisha. Kumbe walikuwa wanabishana hii ni ya wapi.

"Ya Nizwa hii," mmoja alisema.

"Ya Nizwa haina zafarani hivi. Mama, nani kaipika?"

"Miye," alisema shangazi.

Wakaionja kwa kijiko alichokuwa nacho mkobani. Foleni nyuma yetu ilifika hadi mlangoni, na Mhindi mmoja mwenye suti akaomba naye aonje.

Doha

Tulipaswa kupita tu Doha. Ukungu ukashuka na ndege zote zikalala chini. Tukakaa mbele ya kibanda cha chai. Muuza chai alikuwa dada wa Kiafrika, mrembo, kasukwa nywele ndefu kwa namna ya kupendeza. Shangazi alimtazama tangu kichwani mpaka miguuni.

"Nywele zote zile ni zake?" aliniuliza. "Na kucha zile, chapati anasukumaje?"

"Taratibu, shangazi."

"Taratibu ya nini, kwani anajua tunasema nini?"

Yule dada akaleta vikombe viwili, akaviweka mezani kwa adabu. "Karibu, shosh. Nywele si zangu, ni za dukani. Na chapati mimi hununua."

Alikuwa wa Nakuru. Nikatamani ukungu ule uingie ndani unifiche. Shangazi hakuonyesha haya hata chembe.

"Kaniitaje?"

"Shosh ni nyanya," dada alisema.

"Nyanya?" Shangazi akanigeukia. "Kaniita tungule?"

Ilitubidi tueleze, mimi upande mmoja na dada upande wa pili, kwamba kwao nyanya si ya mchuzini tu, ni bibi pia. Shangazi akafikiri, kisha akaifungua halwa tena. Mpaka ukungu unaondoka walikuwa wamekaa pamoja, na yule dada anamwonyesha picha ya mchumba wake. Shangazi alimkagua na kutoa hukumu: masikio mazuri, mashavu ya ulafi, aolewe naye lakini asimkabidhi funguo za stoo. Mngedhani hapo tulishajifunza kufunga midomo mbele ya watu.

Kutoka uwanja hadi uwanja

Manchester ilitupokea kwa mvua. Si mvua ya kishindo kama zetu, inayojaza wadi, yale mabonde yetu makavu, na kusomba magari. Hii ni mvua ya uvivu, haianzi wala haishi, inakulowesha huku inakuomba radhi.

Dereva wa teksi, kijana wa Kipakistani mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, akauliza tunakwenda wapi. Mzee Nassor alitutarajia alasiri na bado ilikuwa asubuhi, kwa hiyo nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wizarani kwamba tungependa kwanza kuona mahali palipoupa mji huu jina duniani.

"Nimekufahamu kabisa, uncle," alisema, na macho yakamng'ara.

Akatupeleka kwenye uwanja wa mpira.

Nikajaribu kueleza. Nikasema nguo, akatuelekeza duka la fulana za timu. Nikasema kazi za mikono za zamani, akatuonyesha sanamu za wachezaji, akasimulia kila mmoja alifunga bao gani. Shangazi alisimama na buibui lake na mwavuli katikati ya Wajapani wanaopiga picha, akaitazama sanamu moja kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye mwenye kiwanda?"

"Huyu mcheza mpira, shangazi."

"Ndiyo maana kavaa kaptura mvuani."

Tuliporudi garini nikasema neno pamba, na hapo tu ndipo dereva akapunguza mwendo. "Babu yangu ndiye aliyefuata pamba hapa," alisema. "Zamu za usiku, maana wenyeji hawakuzitaka. Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza habari hizo." Tulipofika akambebea shangazi sanduku mpaka mlangoni.

Nyumba ya matofali mekundu

Nyumba ilikuwa katika safu ya nyumba zilizoshikana, zote za matofali mekundu, zilizojengwa kwa ajili ya watu wa viwandani. Mzee Nassor alisimama mlangoni, mrefu, mwembamba, na koti jeusi lililompwaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwita mwenziwe ng'ambo ya mto.

"KARIBUNI! KARIBUNI SANA!"

Jirani akafungua dirisha, akaona ni yeye, akalifunga.

Alikuwa amepika wali wa nazi ya kopo na samaki wa kukaanga aliyemnunua kwa Waingereza, ndani ya koti nene la unga, pamoja na chipsi zake. Juu ya vyote akamwagia mchuzi wa ukwaju. Shangazi alikula kidogo kidogo, mtandio kaushika mbele ya mdomo kama alivyofundishwa na mama yake, na uso wake haukueleza kitu. Nikaanza kuhesabu: chakula, kasoro ya kwanza.

Baada ya kula akatupandisha juu, akafungua mlango wa chumba kilichopakwa rangi mbichi ya kijani. Mlikuwa na kitanda kipya, msala wa kuswalia, na meza ya kujipambia.

"CHUMBA CHAKO, BI ZUWENA!"

"Cha nini?" shangazi aliuliza nyuma ya mtandio. "Si unahama?"

"INSHALLAH!" alijibu Mzee Nassor kwa furaha.

"Unahama, halafu unapaka rangi?"

"INSHALLAH, INSHALLAH!"

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama dari ili nisicheke. Usiku ule tulilala katika nyumba ya wageni jirani, naye aliingia chumbani kwake bila ya kuniambia hata lala salama.

Mtoni na kiwandani

Asubuhi mzee akatuchukua kutuonyesha mji. Niseme haki yake: anaujua, na anaupenda kama mtu anavyompenda ami mkorofi.

Akatusimamisha darajani. Mto huu, alisema, zamani ulibadilika rangi kufuata kitambaa kinachotiwa rangi siku hiyo, leo mwekundu, kesho buluu, na samaki hakubakia hata mmoja. Moshi wa viwanda uliyapaka majengo yote masizi, mpaka watu wakasahau kwamba chini yake kuna jiwe. Watoto waliingizwa chini ya mashine zikiwa zinakwenda ili waokote pamba iliyoanguka. Na mvua hii tunayoitukana ndiyo iliyowafaa, kwa sababu hewa yenye unyevu haiukati uzi.

Kisha akatuonyesha picha ya mfereji. Mji huu uko mbali na bahari, na wafanyabiashara wake walichoka kulipa ushuru wa bandari ya Liverpool. Wakachimba mfereji mpana wa kupitisha meli hadi mlangoni kwao.

"Yaani wamechimba bahari kwa sababu ya ugomvi na jirani?" shangazi alinong'ona. "Watu hawa nnawafahamu."

Akatueleza pia pamba ilitoka wapi. Nyingi ilitoka Marekani, imechumwa na watumwa. Vita vilipozuka huko pamba ikakatika, viwanda vikasimama, na watu wa hapa wakalala njaa. Wengi katika wafanyakazi wale, na njaa yao, walisema ni bora hivyo kuliko pamba ya utumwa. "SI WOTE," alisema. "WENGINE WALITAKA PAMBA TU, IWE IMETOKA WAPI." Sisi wa Unguja, kisiwa kilichokuwa na soko lake la watumwa, hadithi hiyo ikitajwa hutazama viatu vyetu, na sote wawili tulivitazama.

Mwishoni tukafika kwenye kiwanda alichofanyia kazi yeye, nje kidogo ya mji. Bomba la moshi bado limesimama, lakini ndani wamejenga nyumba za kupangisha, na chini kuna mkahawa. Mzee akaingia moja kwa moja mpaka kwenye meza moja dirishani, akasimama. Msichana mwenye kompyuta aliyekaa pale akakusanya vitu vyake, akidhani mzee anataka kiti.

"KAA, MWANANGU," alimwambia kwa Kiingereza. "HAPA NDIPO ZILIPOKUWA MASHINE ZANGU." Na mikono yake ikaanza kwenda yenyewe hewani, inafunga uzi uliokatika, inasukuma, inavuta. Msichana akapiga makofi, na mzee akaona haya, akaenda kaunta, mbali kabisa upande wa pili, kutuagizia chai.

Hapo nikaona nafasi yangu.

"Shangazi," nilisema, "tuzungumze ukweli. Meno yale ya bandia, yanafika kabla ya mwenyewe. Koti lile kalirithi kwa maiti. Na ni kiziwi, Shangazi, hasikii hata adhana ikisomewa sikioni. Tukimfikisha Maskati, Agosti tutamkuta kayeyuka, limebaki koti."

Shangazi alikuwa amejifunika mtandio mpaka chini ya macho, mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Lakini macho anayo mazuri," alisema.

Mzee Nassor akarudi na sinia la chai. Akaliweka. Akakaa, akanitazama kwa upole.

"Meno ni yangu," alisema, na safari hii kwa sauti ya chini. "Ya dukani ni haya mawili ya mbele. Koti nimelinunua mwenyewe, nilipokuwa mnene. Uziwi ni kweli."

Chai ilinipalia mpaka yule msichana akaja kunipiga mgongoni.

Akaeleza. Mashine za kufuma zikigonga zote pamoja, hata radi usingeisikia, na masikio yake yaliishia pale pale. Kwa hiyo watu wa viwandani, wanawake ndio mabingwa, walizungumza kwa midomo tu, wakiitanua kila herufi, na kusomana kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Naye alijifunza. Walikuwa Waunguja watatu pale, wakimsengenya msimamizi kwa Kiswahili mbele ya uso wake kutwa nzima.

"Kwa hiyo nakusikia vizuri sana, Bwana Said. Tangu jana nakusikia." Akamgeukia shangazi. "Ila wewe, Bi Zuwena, sijakusikia neno hata moja. Si jana, si leo, si kwenye simu. Umejiziba."

"Na ile inshallah?" nilimuuliza.

"Kwenye simu nilisikia sauti inapanda mwishoni. Nikadhani ananiombea dua."

Shangazi akaushusha mtandio, akauweka mabegani, akamkabili. Miaka yote niliyoishi naye sikupata kuuona mdomo wake ukisema mbele ya mwanamume asiye wa nyumbani.

"Nilikuuliza utahama uje Maskati," alisema polepole.

"Hapana," alisema. "Sitahama. Nyinyi mlitoka Unguja mkaenda huko, pakawa kwenu. Mimi nilikuja huku. Huko simjui mtu, na hapa hata mtu aliyenichukia kazini nilimzika mwenyewe."

"Nnaogopa baridi."

"Utaizoea. Usipoizoea, tutakwenda Maskati msimu wa baridi, tukae kwa Bwana Said." Akanitazama. "Koti nitaliacha."

"Na kiwanda kilipofungwa, ulifanya nini?"

"Nililia wiki nzima. Halafu nikajifunza kuendesha basi."

Shangazi akacheka, mdomo wazi, bila ya kujiziba. "Nilisema una macho mazuri," alimwambia.

Msikitini

Kesho yake, kwenye kifungua kinywa, akaniambia, "Niozeshe."

Nikaleta hoja zangu zote. Baridi, umri, samaki mwenye koti. Nikasema nyumba itapwaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Said mwanangu, nyie nnakupendeni. Lakini tangu afe marehemu mume wangu, nikisema hakuna anionaye uso. Nikiingia, mnantazama mikono, nimeshika sahani gani. Yule mzee jana kanitazama mdomo kama anaokota lulu. Sasa niozeshe, chai yangu inapoa."

Nikammiminia chai nyingine.

Nikampigia Thuraya, nikamweleza. Akasema, "Mwozeshe. Tena usimkawize."

Msikiti ulikuwa ndani ya lililokuwa ghala la nguo, na kamba za winchi ya kupandishia majora bado zinaning'inia nje. Imamu alikuwa Msomali mcheshi. Ilipofika zamu yangu ya kutamka, Mzee Nassor alikaa mbele yangu, magoti yake yanagusa yangu, mkono wake ndani ya mkono wangu, na macho yake kwenye midomo yangu, hayapepesi. Nitakwambieni ukweli, kwa kuwa nyinyi ni rafiki zangu. Shetani alinijia. Aliniambia nigeuze uso kidogo tu upande wa imamu, mzee asione kitu, ajibu vingine, tuahirishe, turudi nyumbani na mpishi wetu.

Mzee akainama mbele zaidi, asikose hata herufi moja.

Nikainua uso. Nikatamka kila neno nikilitanua, mpaka mashavu yaliniuma, na imamu akadhani ndiyo lafudhi ya Oman. Mzee akajibu, "NIMEKUBALI," kwa sauti iliyotikisa vioo. Upande wa wanawake ukapigwa kigelegele, na baadaye nikaambiwa aliyekipiga ni bibi harusi mwenyewe.

Kurudi

Kwenye ndege kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Mhudumu akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema, ameolewa. Alidhani natania, akaniletea trei mbili. Nikazila zote mbili na sikushiba.

Ijumaa iliyofuata tulikusanyika nyumbani Ghubra kama kawaida, watoto na wajukuu na wakwe. Thuraya aliingia jikoni mwenyewe, kafunga kanga kiunoni, na alitufukuza sote. Wali ulipoanza kunukia, akampigia shangazi simu kumuuliza moto apunguze lini. Safari hii simu ilikuwa ya picha. Uso wa shangazi ukajaa kioo chote, mweupe kwa unga, na nyuma yake dirisha linatiririka mvua.

"Mnaendeleaje wanangu? Nna raha, alhamdulillahi. Punguza moto sasa hivi, Thuraya, halafu..."

Mzee Nassor akapita nyuma yake na kopo la nazi, akauliza kitu. Shangazi akageuka ili amwone, akaanza kumweleza, polepole, kwa midomo na kwa mikono, kwa nini kopo moja halitoshi. Alimweleza kwa urefu sana. Sisi tuliizunguka simu, tukitazama kisogo chake, mpaka tukasahau kabisa kwamba kuna wali jikoni.